Eti Ni Ugonjwa Wao

Mara mbili sasa nimeisikia sentensi hii msibani, mara moja Igombe na mara nyingine Nansio, kule Ukerewe. Misiba yote miwili ilikuwa ya watu wenye ualbino, na wote wawili waliondoka kwa saratani ya ngozi kabla ya kufika miaka arobaini. Watu wako kwenye jamvi, chai inapita, mtu anauliza marehemu alikuwa anaumwa nini hasa. Anajibiwa: kidonda cha shingoni, kikageuka kansa. Kimya kidogo. Kisha mzee mmoja, wala hana ubaya wowote moyoni, anafunga mjadala: "Ndo ugonjwa wao huo." Vichwa vinaitikia. Mazungumzo yanahamia kwenye bei ya dagaa.

Sina ugomvi na mzee yeyote. Yule wa Igombe alitoa rambirambi yake, na makaburini alishika koleo kuliko vijana wengi tuliokuwepo. Ugomvi wangu ni na sentensi. Nataka niichambue kama tunavyochambua ubeti, kwa sababu inafanya kazi kubwa kuliko urefu wake. "Ugonjwa" ni sawa, hakuna anayebisha. Tatizo liko kwenye "wao". Kwa kimilikishi kimoja kifo kimetolewa kwenye dunia tunayoishi wote, kikaingizwa ndani ya miili ya watu fulani, na mlango ukafungwa. Kama ni wao, sisi tuliobaki tumekuja kuzika tu.

Tuanze na ile nusu iliyo kweli, maana ipo. Ualbino unarithiwa. Hapa Tanzania aina inayotawala inaitwa OCA2, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake, akiwemo Luande wa Dar es Salaam, walichapisha matokeo kwamba watu wengi wenye ualbino waliowapima kutoka Tanzania walikuwa na hitilafu ileile moja: kipande cha herufi 2,700 hivi za kinasaba hakipo, kimedondoka. Pengo hilohilo limekutwa Zimbabwe, Afrika Kusini na Kameruni, na ndiyo maana wataalamu wanaamini ni la zamani sana, la kabla Wabantu hawajatawanyika. Ni urithi wa mababu kama zilivyo lugha zetu.

Ili mtoto azaliwe na ualbino lazima apokee nakala mbili zenye pengo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja haonyeshi chochote. Ngozi yake ni nyeusi kama ya jirani yake na hajui amebeba nini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Ukipiga hesabu ya kawaida ya urithi kutokana na namba hiyo, unapata mbebaji mmoja katika kila watu 19 hivi. Panda Hiace ya Buhongwa jioni, ile ambayo konda anaapa bado ina nafasi, na kwa wastani ndani yake yupo mtu mmoja aliyebeba jeni hiyo. Huenda ni wewe. Huenda ni mzee wa msibani. Hapo tu "wao" ameshaanza kuyumba.

Na niseme wazi kwamba maelezo haya ya jeni yamefanya wema mkubwa. Kwa miaka mingi mama akijifungua mtoto mweupe katika familia nyeusi, macho yote yalimgeukia yeye. Alitoka nje ya ndoa, alilala na mzungu, aliruka mwiko, ameleta laana. Wanawake wameachwa kwa ajili hiyo na wanaachwa mpaka leo. Muuguzi anayemkalisha baba chini na kumwambia, "Mzee, nusu ya hii ni ya kwako," anafanya kazi ambayo mahubiri mengi yameshindwa. Jeni haina upendeleo, imechukua nusu hapa na nusu pale. Kwa hiyo sitaki msomaji anielewe kwamba napinga elimu ya urithi. Kwa swali la "kwa nini mtoto huyu amezaliwa hivi?" jeni ndiyo jibu, tena jibu zuri, linalomwondolea mama mzigo usio wake.

Lakini pale msibani hatukuwa tumeuliza kwa nini marehemu alizaliwa hivi. Tulikuwa tumeuliza kwa nini amekufa. Haya ni maswali mawili, na ujanja wote wa ile sentensi ni kuchukua jibu la swali la kwanza na kulibandika kwenye la pili bila mtu kugundua.

Hebu tulijibu la pili kwa utaratibu. Mionzi ya urujuanimno ya jua inapoingia kwenye ngozi inaharibu kinasaba ndani ya seli. Inatokea kwa kila mtu, mweusi, mweupe, mwekundu. Mwili una mafundi wake, protini zinazopita zikikata palipoharibika na kuziba. Juu ya hapo, ngozi nyeusi ina melanini, ambayo ndani ya seli hujikusanya juu ya kiini kama kofia, ikinyonya mionzi kabla haijafika kwenye kinasaba. Mwenye ualbino mafundi anao kama mimi na wewe. Alichokosa ni bati. Nyumba isiyo na bati haiozi kwa sababu haina bati, inaoza kwa sababu mvua inanyesha. Ukiijenga mahali pasiponyesha itakaa.

Na watu wa namna hiyo wapo. Mtu mwenye ualbino anayekulia Norway, kule ambako jua la Desemba linaonekana kwa saa chache au halionekani kabisa, kwa sehemu kubwa anajulikana kama mtu mwenye matatizo ya macho. Miwani, kliniki ya macho, kiti cha mbele darasani. Ngozi anaitunza wakati wa kiangazi, maisha yanaendelea. Mwanza iko digrii mbili na nusu kusini ya ikweta, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua linatupiga wima, mwaka mzima, na maji na mchanga vinalirudisha usoni kutoka chini. Kutoona vizuri kuko kule na kuko hapa. Kifo cha mapema kiko hapa. Sasa ukiniambia kifo hicho kimeletwa na jeni, nitakuuliza: ile jeni ya Norway imekosea wapi?

Mwanafalsafa atanizuia hapa, na ana haki. Atasema: ndugu, hata jua nalo liko vilevile kwa wote. Watu wa Igombe wanaanika dagaa juani miaka hamsini na hawapati saratani ya ngozi. Kinachotofautisha aliyekufa na aliyebaki si jua, ni jeni. Kwa hiyo sababu ni jeni.

Hoja hii ina nguvu. Nilikaa nayo muda mrefu mpaka nilipokutana na makala ya Geoffrey Rose, mtaalamu wa magonjwa ya jamii wa London, aliyoiandika mwaka 1985. Rose anatutaka tufikirie nchi ambayo kila mtu anavuta sigara ishirini kwa siku. Wote, bila kubakiza hata mmoja. Katika nchi hiyo daktari akichunguza kwa nini fulani amepata saratani ya mapafu na fulani hakupata, hataiona sigara hata kidogo, kwa sababu haitofautishi. Atakachokiona ni tofauti za miili. Atarudi na ripoti kwamba saratani ya mapafu ni ugonjwa wa kurithi. Vipimo vyake vitakuwa sahihi vyote. Na moshi utaendelea kufuka.

Kanda ya Ziwa ndiyo nchi ya Rose, ila badala ya sigara tuna jua. Kitu kilichoenea kila mahali kinakuwa hakionekani. Kinaacha kuwa sababu, kinakuwa mandhari. Tena huku kwetu jua si mandhari tu, ni mtaji. Nenda Mwaloni Kirumba uulize wanawake wanaouza dagaa. Mvua ikikaa siku mbili mzigo unaharibika na hela ya kausha damu inadaiwa palepale. Mtu anayeamka anaomba jua liwake hawezi kwa urahisi kulitaja kama muuaji wa mwanawe. Naelewa kabisa kwa nini tunaruka jua na kutua kwenye damu.

Kuna jambo jingine ambalo hoja ya yule mwanafalsafa inaliruka. Jeni ya ualbino haitoi ngozi isiyo na kinga tu na kuishia hapo. Inagusa macho pia. Mtoto haoni ubao. Mwalimu ana darasa la watoto mia na kitu, ubao umechakaa, chaki hafifu, na mwanga wa dirishani unamuumiza mtoto macho. Anafeli. Anaonekana mzito wa akili, kumbe haoni. Akifeli hapati kazi ya ofisini, kazi ya kivulini. Anapata jembe, anapata kuanika dagaa, anapata kutembeza karanga stendi. Yaani katika watu wote wa kijiji, yule ambaye mwili wake hauwezi jua ndiye anayesukumwa juani zaidi. Jeni ilimpa ngozi. Njia ya kutoka kwenye ubao mpaka kwenye chanja la dagaa hakuichora mjumbe yeyote wa kromosomu ya 15. Tumeichora sisi, kwa bajeti, kwa mitihani, kwa kukosa karatasi yenye maandishi makubwa.

Madaktari wa Bugando walichapisha mwaka 2012 mapitio ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa pale kwa saratani ya ngozi katika muda wa karibu miaka kumi. Umri wa katikati ulikuwa miaka 30. Kwa wengi vidonda vilikuwa kichwani na shingoni, na wengi walifika wamechelewa, kidonda kimeshakuwa kikubwa. Aina ya saratani iliyoongoza ni ile inayoanza kwenye seli bapa za juu ya ngozi, ambayo kwa kawaida huenda polepole na, ikiwahiwa, hukatwa kwa upasuaji mdogo na mtu akarudi nyumbani. Nimeusoma ule ukurasa wa matokeo mara kadhaa. Kichwani na shingoni, jamani. Mahali panapofunikwa na kofia ya ukingo mpana na kola ya shati.

Wazee wetu walikuwa na usemi kwamba zeruzeru hafi, hupotea. (Neno lenyewe tumeliacha, na ni vizuri, lakini usemi huu hausimuliki bila hilo neno.) Wengi wameuchambua kama ushirikina, na kwa matokeo yake ni ushirikina hasa. Mimi nausoma pia kama takwimu iliyosimuliwa vibaya. Fikiria kijiji ambacho watu wa aina fulani wanazaliwa, wanaonekana utotoni, wanaonekana ujanani, halafu hawaonekani wakiwa wazee. Hakuna babu mwenye ualbino anayekaa barazani. Wakipata kidonda kinachonuka wanafichwa chumba cha ndani. Wakifa wanazikwa kimyakimya. Kizazi baada ya kizazi watu wanahesabu bila kujua kwamba wanahesabu, na jibu wanalolipata ni kwamba hawa watu hupotea. Hesabu ilikuwa sawa. Ilikosa sababu tu, na pale sababu ilipokosekana uchawi ukaingia.

Na uchawi ukazaa mapanga. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Mwanza, Shinyanga na Geita zikawa habari ya dunia. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja wa waganga wa kanda hii akaanika biashara ya viungo, ikambidi ajifiche kwa kuhofia maisha yake. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Kelele zile zilistahili kila sauti iliyopigwa. Ninachokiona nikitazama nyuma ni jinsi tulivyo wepesi wa kuuliza "nani?" pale panapokuwa na mkono ulioshika kitu. Panga lina mshikaji. Anakamatwa, anashtakiwa, picha yake inatoka gazetini. Jua halina mshikaji, na saratani inachukua miaka kumi na tano badala ya usiku mmoja, kwa hiyo hatuulizi nani. Tunasema ni ugonjwa wao. Na hali watu wanaofanya kazi na jamii hii wamekuwa wakisema kila siku kwamba saratani ya ngozi ndiyo moja ya sababu kuu za vifo vyao.

Ili nisionekane nimeshikilia mfano mmoja, nitaje mwingine wa hapahapa ziwani ambao unaenda kinyume chake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto. Mwaka 1961 alizunguka na wenzake wawili kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakichora ramani. Ramani ilionyesha kitu cha ajabu: saratani ilifuata joto na mvua. Ilikuwa imefuata malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kirusi hicho karibu kila mtoto wa huku anakipata akiwa mdogo, na malaria nayo tunaijua. Kule North Mara, kati ya 1977 na 1982, watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama malaria ikishuka na saratani itashuka. Ilishuka, ila ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, kwa hiyo jibu halikutoka safi.

Sasa, mbona mtoto mmoja tu katika maelfu ndiye anayevimba taya? Sehemu ya jibu imekuja miaka ya karibuni kutoka kwenye utafiti uliokusanya watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwemo wa kanda hii. Watoto wenye nakala moja ya jeni ya selimundu, tunayoiita sikoseli, wanapata saratani ya Burkitt kwa nadra zaidi. Jeni ile inapunguza makali ya malaria, na kwa kupunguza malaria inapunguza saratani. Katika Mwanza karibu mtoto mmoja kati ya watano anazaliwa na nakala hiyo moja. Mwenye mbili anazaliwa na ugonjwa wenyewe wa sikoseli, na huyo kila mzazi wa kanda hii anajua anavyolia usiku.

Basi niambie, jeni ya sikoseli ni nzuri au mbaya? Swali halina jibu mpaka useme uko wapi na kuna mbu wangapi. Siku malaria ikiisha, ile nakala moja haitakuwa kinga ya chochote, itabaki kuwa hatari kwa wajukuu. Jeni itakuwa ileile, herufi kwa herufi. Kitakachokuwa kimebadilika ni madimbwi. Na hakuna mtu aliyewahi kumtazama mtoto aliyepona akasema "hiyo ndo afya yao". Tunapotaka kugawa heri tunamshukuru Mungu, tunapotaka kugawa msiba tunataja damu.

Mfano ulionishtua kuliko yote hauko Afrika. Uko Australia. Nchi ile ni miongoni mwa zinazoongoza duniani kwa saratani ya ngozi, na sababu ni hiihii: watu wengi wenye asili ya Ireland, Uskoti na Uingereza, ngozi za mawingu, wamepandikizwa chini ya jua kali. Kwa maneno ya mzee wetu, huo nao ungekuwa "ugonjwa wao". Kinasaba chao hakifai jua lile, basi. Lakini mwaka 1981 katika jimbo la Victoria (ndiyo, malkia yuleyule aliyebandikwa kwenye ziwa letu) ilianzishwa kampeni ya kuwataka watu wavae shati, wapake losheni na wavae kofia, ikasambaa nchi nzima. Shule zikaweka kanuni: bila kofia huchezi uwanjani. Vivuli vikajengwa kwenye viwanja vya watoto. Biashara ya vitanda vya kubabua ngozi ikaja kupigwa marufuku.

Yaani pale ambapo ngozi isiyoweza jua ni ya wengi, tatizo linaitwa jua, na serikali inahangaika na jua. Pale ambapo ngozi hiyo ni ya mmoja kati ya 1,400, tatizo linaitwa jeni, na mwenye jeni anahangaika mwenyewe. Baiolojia haijabadilika kati ya pwani ile na hii. Kilichobadilika ni idadi ya kura. Nadhani hapa ndipo lilipo swali la kimaadili, na si swali la maabara. Tunapochagua kipi tukiite "sababu" kati ya vitu viwili ambavyo vyote vinahitajika ili mtu augue, tunachagua nani afanye kazi ya kubadilika.

Wapo watakaosema naenda mbali mno upande wa pili, kwamba nikililaumu jua la wote namfuta mtu mwenyewe. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko lile la kwanza. Mtu mwenye ualbino hahitaji tumwambie eti sote tuko chini ya jua moja. Anahitaji mafuta ya kukinga jua, leo, na mimi siyahitaji. Pale KCMC Moshi wanatengeneza mafuta yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya ngozi hizi hasa, na yanagawiwa pamoja na uchunguzi wa ngozi. Huwezi kugawa vitu hivyo bila kujua ni nani ana jeni gani, walau kwa kumtazama. Usawa wa kugawa kopo moja kwa kila Mtanzania ungekuwa upuuzi. Kwa hiyo tofauti ya miili lazima ionekane. Ninachodai ni kidogo zaidi: ionekane kama anwani ya kupeleka msaada, isionekane kama hati ya kifo. Vipimo vya vinasaba vinazidi kushuka bei, na vitafika huku kama simu zilivyofika. Vitatuambia nani yuko hatarini kwa moshi wa jikoni, nani kwa karanga zilizoota ukungu, nani kwa kichocho. Kila orodha ya namna hiyo itakuja na kishawishi cha kusema: basi hao ndio wajihadhari.

Kwa nadharia mambo haya ni mepesi. Mwaka jana yalinifika mezani. Niko kwenye kamati ya shule moja ya msingi huku ufukweni, yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja, na wawili kati yao wana ualbino. Mwalimu wa afya alileta ombi: wale wawili waruhusiwe kofia na mikono mirefu, na mstari wa asubuhi usivuke saa moja na nusu ili wasisimame juani. Ombi la kofia lilipita kwa dakika mbili. La mstari likakwama. Mzazi mmoja, mwenye boti zake, mtu muungwana, akauliza kwa nini shule nzima ibadilishe ratiba kwa ajili ya watoto wawili. Si wapewe kofia, wakae darasani wakati wenzao wako mstarini? Kwa hesabu ya gharama alikuwa sahihi, na wajumbe wengi walionekana kumuunga mkono.

Mama wa mmoja wa wale watoto alikuwa amekaa nyuma. Aliomba nafasi, akashukuru kwanza kama ilivyo desturi, kisha akasema kofia anayo, alishamnunulia, ya tatu hii. "Lakini anaivua akifika getini. Yeye peke yake ndo ana kofia. Wanamvua wenzake, na wakichoka kumvua anavua mwenyewe. Mkimfungia darasani tena, si ndo mmemaliza?" Akakaa.

Tulibishana saa nzima. Alitokea mwalimu akapendekeza kofia iruhusiwe kwa yeyote anayetaka, bila kulazimisha, ili kofia iache kuwa alama. Mwenye boti akasema hilo halina gharama, analikubali. Mstari ukapunguzwa mpaka saa moja na dakika arobaini, ambayo si aliyoomba mwalimu wa afya wala si iliyokuwepo mwanzo. Mchango wa miche ya miti ya kivuli ulipitishwa kwa kunyoosha mikono, shilingi elfu moja kila mzazi, na mpaka tunafunga shule Desemba walikuwa wamelipa chini ya nusu. Miche iliyopatikana tumeipanda upande wa mashariki wa uwanja, ambako jua la asubuhi linatokea. Mbuzi wamekula mitatu. Kofia zimeongezeka, nyingi ni za timu za mpira, zina ukingo wa mbele tu na hazifuniki shingo. Yule mtoto sasa anavaa ya Simba, na ile ya ukingo mpana aliyonunuliwa na mama yake iko kwenye mkoba. Mwalimu wa afya ameahidi kulileta tena suala la shingo kwenye kikao cha Machi.